Kilo Zimeshuka, Je, Presha?

Shangazi yangu alipungua kilo 11 kwa miezi 5, na presha yake ikapanda. Naanza na habari hii kwa sababu wengi wetu tumezoea kusikia kinyume chake. Mtu anaambiwa kliniki, "Punguza uzito, presha itakaa sawa," na maneno hayo ni ya kweli, ila yameachwa nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo iliyomlaza shangazi wodini.

Alikuwa anameza vidonge alivyouziwa na jirani, kopo la kijani lenye picha ya majani na maandishi ya kigeni ambayo yeye wala muuzaji hawakuweza kuyasoma. "Ni mitishamba tu, mwanangu, haina kemikali," aliniambia. Hamu ya chakula ilimkata kabisa. Usingizi ukaota mbawa. Moyo ukawa unamdunda hata akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Sokoni kila mtu alimsifu kwamba amependeza, amerudi usichana. Hakuna aliyemuuliza kuhusu presha, na mimi nikiwemo. Siku alipofikishwa zahanati kisogo kikimgonga, mashine ilisoma 192 kwa 114. Muuguzi alidhani mashine ina hitilafu, akaufungua mkanda, akaufunga mkono wa pili, akasubiri dakika chache, akapima upya. Ikasoma 190 kwa 112.

Vidonge vile havikupelekwa maabara, kwa hiyo sitavitaja kwa jina la kemikali yoyote. Lakini njaa kukatika ghafla, usingizi kupotea na moyo kwenda mbio ni dalili zenye historia ndefu katika dawa za kupunguza uzito, na historia hiyo inapaswa kujulikana na kila mwenye presha anayetamani kupungua.

Kwa miongo mingi, dawa nyingi za kukata hamu ya kula zilifanya kazi kwa kuuamsha ule mfumo wa neva unaoamka mtu anapotishika. Mtu anayekimbizwa na mbwa hasikii njaa. Moyo wake unakwenda mbio, mishipa yake ya damu inajikaza, presha yake inapanda. Dawa za namna hiyo zinauweka mwili kwenye hali ya kukimbizwa kutwa nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwa fenilpropanolamini, iliyouzwa Marekani bila cheti cha daktari kama dawa ya mafua na ya kupunguza unene, hadi mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipoonyesha kwamba wanawake walioitumia kukata hamu ya kula walikuwa na hatari ya kiharusi cha kuvuja damu iliyozidi mara 16 ya wasioitumia. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikataka iondolewe madukani. Mwaka 2004 ikafuata marufuku ya virutubisho vyenye efedra, mmea unaouamsha mwili kwa namna hiyohiyo. Kisha ikaja zamu ya sibutramini, dawa nyingine ya kukata hamu ya kula. Hii ilijaribiwa kwa watu karibu 10,000 wenye ugonjwa wa moyo au kisukari. Walipungua kweli, lakini hatari ya shtuko la moyo, kiharusi na matatizo mengine makubwa ya moyo ikapanda kwa asilimia 16. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya, na baadaye mwaka huohuo Marekani.

Kuondolewa kwenye maduka rasmi hakukuimaliza. Mpaka leo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zinaendelea kuikuta sibutramini ndani ya chai na vidonge vinavyotangazwa kuwa mitishamba mitupu, bila kuandikwa popote kwenye kopo. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake ni "ya asili" na hapohapo unaona moyo unadunda na usingizi hauji, usibishane naye. Acha kuimeza, kapime presha, na nenda na kopo lenyewe mkononi ili mtaalamu alione.

Sasa, kwa nini basi kupungua kunasaidia presha kwa watu wengi? Mafuta ya tumboni hayakai kimya kama gunia stoo. Yanayazonga mafigo, na yanachochea homoni zinazoyaambia mafigo yashike chumvi na maji badala ya kuyatoa. Yanawasha neva zinazokaza mishipa. Shingo ikinenepa, njia ya hewa inajifunga usiku. Mtu anakoroma, pumzi inakatika, anashtuka, na kila mshtuko ni presha kupanda. Mzigo huo ukipungua, mwili unapumua. Watafiti waliokusanya majaribio mengi mwaka 2003 walikuta kwamba kila kilo 1 inayopungua inashusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 1 ya zebaki, kipimo ambacho hapa nitakiita pointi, kama tunavyosema mtaani. Kilo 10, pointi 10 au karibu na hapo. Lakini hesabu hiyo inategemea kilo zimepungua kwa njia gani. Kama njia yenyewe inakaza mishipa, unajaza ndoo iliyotoboka.

Sindano za siku hizi ni habari nyingine, na sitaki kuziweka kapu moja na vidonge vya kopo la kijani. Semaglutaidi, inayojulikana zaidi kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga homoni ambayo utumbo wetu hutoa baada ya kula. Inauambia ubongo kwamba umeshiba na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Ilianza kama dawa ya kisukari. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68: waliochomwa semaglutaidi walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao, na wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2 na kidogo. Namba ya juu ya presha ilishuka pointi 6 kwa kundi la kwanza na pointi 1 kwa la pili. Tirzepataidi, sindano nyingine inayouzwa kwa jina la Mounjaro, ilifika asilimia 21 ya uzito kupungua kwa dozi ya juu mwaka 2022, na presha kushuka pointi 7 hivi.

Hapa ndipo naomba tutulie kidogo, maana namba hizi zinasomwa vibaya. Tofauti ya kweli kati ya sindano na maji matupu ni pointi 5 au 6. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha kwa dozi ya kawaida, amlodipini au losatani inayopatikana hadi maduka ya vijijini, hushusha wastani wa pointi 9. Ni kweli wengi katika majaribio yale ya sindano hawakuwa na presha ya juu sana tangu mwanzo, na mwenye presha kubwa huwa ana nafasi kubwa zaidi ya kushuka, kwa hiyo ulinganisho huu si wa moja kwa moja. Hata hivyo unatosha kumzuia mtu asifanye kosa ninalolisikia kila wiki: kuacha vidonge vya presha kwa sababu sasa ameanza "sindano ya kupungua". Sindano inasaidia vidonge. Haivifukuzi.

Tena faida yake kubwa kwa moyo inaonekana kutotoka kwenye presha peke yake. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahusisha watu 17,604 wenye unene na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari, ulionyesha semaglutaidi ikipunguza shtuko la moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20, ilhali presha yao ilishuka pointi 3 tu zaidi ya wenzao. Hilo ni jambo kubwa na ninalipokea kwa mikono miwili. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari walio pia na ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene. Ni sawa. Waliolengwa ni wagonjwa mahususi, wala si kila anayetaka kiuno chembamba kabla ya harusi ya mdogo wake.

Halafu kuna suala la kuacha. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza, na presha yao ikarudi karibu na ilipokuwa. Fikiria maana yake kwa familia zetu. Mtu anajibana, anauza kiwanja au anakopa Vicoba, anachoma miezi 4, fedha inakwisha, anaacha. Miezi ileile 4 daftari lake la presha lilionyesha namba nzuri, akapunguziwa vidonge. Sindano inakoma, uzito unarudi polepole, na hakuna anayekumbuka kumrudishia vidonge vyake. Presha haina kengele ya kumjulisha.

Na bidhaa yenyewe ni ya kuangalia kwa makini. Kalamu isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye begi la mtu kutoka ng'ambo, ikauzwa kwa ujumbe wa simu, nani anajua imelala wapi? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imepenya huko, sisi hatuna kinga yoyote ya pekee.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo sana, nayo ni presha kushuka kupita kiasi. Mwenzangu kazini, mtu mzima wa miaka 54, alikuwa kwenye dawa 3 za presha, mojawapo kile kidonge kinachomfanya mtu akojoe maji mengi. Alianza sindano kwa cheti cha daktari, kihalali kabisa, lakini aliyemwandikia sindano hakuwa yule anayemwandikia presha, na hawakuwahi kuzungumza. Wiki ya 7 alikuwa anatapika, hali chakula vizuri, hanywi maji ya kutosha, na bado kila asubuhi anameza vidonge vyake 3 kwa uaminifu. Alisimama ghafla kushuka kwenye daladala na macho yakaingia giza. Kondakta ndiye aliyemdaka. Presha ilikuwa 94 kwa 58. Kutapika, kuharisha na kidonge cha maji vikikutana, mwili unakauka, na kinachoumia kwanza ni figo. Daktari wake alimwondolea kidonge kimoja na kumpunguzia kingine, akamwambia awe anapima nyumbani asubuhi na jioni, akiwa amekaa na baadaye akiwa amesimama. Yangefanyika hayo tangu wiki ya kwanza, asingeanguka.

Hali kama hiyo huwapata pia wanaoacha ugali na wali kwa mkupuo. Wiki ya kwanza au ya pili mafigo hutoa chumvi na maji kwa wingi, mizani inashuka kwa kasi ya kufurahisha, na presha nayo inashuka. Sehemu kubwa ya kilo hizo za mwanzo ni maji. Asiye na dawa atasikia uchovu tu. Mwenye dawa anaweza kuanguka bafuni.

Nimelifikia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kuna chakula kinachoshusha presha hata kama hujapungua kilo moja.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la mlo unaoitwa DASH. Waliwapikia watu 459, na kundi moja kati yao wakalipa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka zisizokobolewa, maharage na karanga, nyama na sukari kidogo. Makusudi kabisa walihakikisha uzito wa watu haubadiliki. Aliyeanza kupungua aliongezewa chakula. Chumvi nayo haikuguswa. Katika wiki 8 tu, wenye presha ya juu katika kundi hilo walishuka pointi 11 zaidi ya wenzao waliokula mlo wa kawaida. Pointi 11, bila kidonge, bila sindano, bila kupungua! Mwaka 2001 wakarudia wakipunguza na chumvi, na waliokula mlo huo wenye chumvi kidogo wakashuka zaidi ya waliofanya moja tu kati ya hayo mawili. Kila ninaposoma matokeo hayo najiuliza kwa nini kwenye kuta za zahanati zetu kuna bango la uzito na hakuna bango la sahani.

Wala sahani hiyo si ya kigeni kwetu. Mchicha, kisamvu, maharage, ndizi, viazi vitamu, papai, parachichi, mtindi: humo ndimo kuna potasiamu, inayosaidia mafigo kuisukuma chumvi nje na mishipa kulegea. Bibi zetu walikula hivyo. Tatizo ni tunavyovipika sasa.

Tuchukue sufuria ya maharage. Mama anaweka magadi ili yaive haraka, kwa sababu mkaa ni ghali. Anaunga kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Anaweka chumvi. Anaonja, anaona hayajakolea, anabomoa kidonge kimoja cha mchuzi, wakati mwingine viwili. Kachumbari pembeni ina chumvi yake. Kukiwa na ng'onda au dagaa waliokaushwa kwa chumvi, ni chumvi juu ya chumvi. Asubuhi mkate ulikuwa na chumvi ambayo ulimi hauioni kwa sababu ya sukari ya chai. Magadi nayo yana sodiamu. Hata kama hayapandishi presha kama chumvi ya kawaida, mwenye moyo dhaifu au figo mbovu hayamfai. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, kwa kujumlisha kila kitu. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11.

Na kuna imani moja iliyozama sana kwetu, kwamba chumvi mbichi ndiyo mbaya na iliyopikwa haina neno. Nimemsikia mgonjwa wa kiharusi akijitetea hivyo, akiwa bado anajifunza upya kutumia mkono wake wa kulia. Chumvi haibadiliki kwa moto. Iliyochemka kwenye mchuzi kwa saa nzima ni ileile iliyonyunyizwa mezani, na inafika kwenye damu kwa kiasi kilekile.

Ipo njia ya katikati. Kaskazini mwa China, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 walishiriki jaribio ambalo nusu ya vijiji vilipewa chumvi iliyochanganywa, robo yake ikiwa ni ya potasiamu. Kwa takriban miaka 5, viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Chumvi hiyo haiwafai wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia dawa kama losatani waulize kwanza, kwa kuwa potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Afrika Kusini walipita mlango mwingine: kuanzia mwaka 2016 sheria inavibana viwanda vya mkate, soseji, supu za unga na vinginevyo visizidishe kiwango cha chumvi kilichopangwa. Hilo natamani kuliona Tanzania na Kenya likisimamiwa kwa nguvu ileile tunayotumia kufukuzana na wamachinga, kwa sababu mama wa nyumbani hawezi kuitoa chumvi iliyokwishaokwa ndani ya mkate.

Nasema haya kwa uchungu kwa kuwa tunaozungumziwa ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 na ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu. Duniani, karibu nusu ya wenye presha hawajui kama wanayo. Katika hali hiyo, kumuuzia mtu dawa yoyote ya kupungua bila kumfunga mkanda wa mashine mkononi ni uzembe, na hapa nawasema wote: duka la dawa, kliniki ya urembo, na jirani mwenye kopo. Mashine ya kupimia mkononi hununuliwa mara moja, sindano ni kila mwezi. Mwenye duka anayo mizani mlangoni, ya sarafu au ya bure. Mashine ya presha nayo ikae palepale, na namba iandikwe kabla ya fedha kupokelewa. Baada ya wiki 2, mteja arudi aandikwe tena.

Shangazi hakuandikiwa sindano yoyote. Aliacha vidonge vya kopo la kijani, akaanzishiwa amlodipini na kidonge cha pili cha presha, na dada wa lishe akakaa naye saa nzima akimuuliza anavyopika, tangu chai ya asubuhi mpaka daku ya Ramadhani. Kilo 4 kati ya zile 11 zimerudi, na jambo hilo linamuudhi. Lakini ana daftari la shule la kurasa 40, amelipiga mistari mwenyewe: tarehe, namba ya juu, namba ya chini. Kila Jumamosi ananipigia simu ananisomea. Juzi ilikuwa 136 kwa 84, na kabla sijamjibu akaniambia nisubiri kidogo, maharage yanamwagikia jikoni. Aliyaloweka tangu usiku, hakutia magadi.